Ripoti ya Upasuaji wa Nyongo Usiitupe

Upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo kwa matundu madogo una sifa ya kuisha haraka. Mgonjwa huingia asubuhi, hutoka siku hiyohiyo au kesho yake akiwa na plasta nne tumboni, na baada ya wiki moja au mbili amesharudi kazini. Tangu Erich Mühe aufanye kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1985, umeenea kiasi kwamba watu wengi, wahudumu wa afya wakiwemo, wanauhesabu kuwa jambo dogo. Kwa wagonjwa wengi ni kweli. Tatizo ni kwamba wepesi huo huzaa usahaulifu. Mwaka mmoja au mitano baadaye mtu anapata homa isiyoeleweka, uvimbe ubavuni au manjano machoni, na hakuna anayeihusisha na upasuaji ule. Mgonjwa mwenyewe huutaja mwishoni kabisa, tena mpaka aulizwe.

Ninachotaka kusisitiza hapa ni hiki: matatizo mengi yanayochelewa kujitokeza yalianzia ndani ya chumba cha upasuaji, na mara nyingi daktari aliyaandika siku ileile. Kibofu kilipasuka, mawe ya nyongo yaliyokuwa ndani yakamwagika. Kipande cha kibofu kilibidi kiachwe. Damu ilizuiwa kwa umeme karibu na mrija mkuu wa nyongo. Sentensi hizo huwa ndani ya ripoti ya upasuaji, ambayo ni karatasi tofauti na ile fupi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Karatasi ya kuruhusiwa husema tu kwamba kibofu kimetolewa salama. Ripoti husema kilitolewaje. Mgonjwa ana haki ya kuiomba, na daktari atakayemwona baada ya miaka mitatu ataihitaji kuliko anavyodhani.

Kilichofanyika ndani

Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku. Kibofu hubeba takriban mililita 30 hadi 50 tu, kazi yake ikiwa ni kuihifadhi na kuikoleza, kisha kuisukuma chakula chenye mafuta kinapoingia. Kinaungana na mrija mkuu wa nyongo kwa mrija mdogo, na pembeni ya mrija huo hupita ateri inayokilisha. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi hadi shinikizo la takriban milimita 12 hadi 15 za zebaki, kamera huingizwa kitovuni na vifaa vingine kupitia matundu matatu. Mrija mdogo na ateri huzibwa kwa klipu, kwa kawaida za titani, halafu hukatwa. Kisha kibofu hubanduliwa kwenye ini kwa kifaa cha umeme na kuvutwa nje, mara nyingi kupitia tundu la kitovuni.

Sehemu ya hatari ni pale mrija mdogo unapokutana na mkuu. Kabla ya kukata chochote, daktari anatakiwa asafishe mafuta na utando wa eneo lile, abandue theluthi ya chini ya kibofu kutoka kwenye ini, na aone vitu viwili tu, si zaidi, vikiingia kwenye kibofu. Kanuni hiyo ilielezwa na Steven Strasberg na wenzake mwaka 1995 na ndiyo inayofundishwa hadi leo. Ripoti nzuri husema wazi kama mwonekano huo ulipatikana. Isiposema, anayeisoma ana sababu ya kuuliza.

Mawe yaliyomwagika

Hili ni tatizo ninaloona linadharauliwa kuliko yote. Kibofu kilichovimba huchanika kirahisi kinapobanduliwa au kinapovutwa kwenye tundu dogo. Kuchanika peke yake si uzembe, hutokea mara kwa mara hata mikononi mwa mabingwa. Cha kuangalia ni kilichofuata: je, mawe yaliokotwa, eneo likasukutuliwa kwa maji ya chumvi, na kibofu kikawekwa ndani ya mfuko kabla ya kuvutwa nje? Na muhimu kuliko vyote, je, mgonjwa aliambiwa?

Mawe mengi yanayobaki tumboni hukaa kimya maisha yote. Yanayosumbua ni machache: yakiwa mengi kwa pamoja, yakizidi sentimita moja na nusu, au yakiwa ya aina ya kahawia, ambayo kwa kawaida hubeba bakteria. Mgonjwa akilala chali, jiwe huteremka kwa uzito wake hadi mahali pa chini zaidi, yaani kwenye uwazi kati ya ini na figo ya kulia. Ndiyo maana majipu mengi ya namna hii hutokea pale, au nyuma zaidi kuelekea kiunoni. Mengine hutokea kwenye ukuta wa tumbo penye kovu la tundu, kwa sababu jiwe lilinasa njiani kibofu kikivutwa. Wapo pia ambao jipu lilitoboa kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua likaingia kwenye pafu, na mgonjwa akakohoa vijiwe. Ni nadra, lakini limeandikwa katika majarida ya tiba.

Muda ndio unaodanganya. Jipu huweza kuibuka baada ya miezi michache, na wapo waliolipata baada ya miaka zaidi ya kumi. Dalili huja polepole: homa za vipindi, kupungua uzito, maumivu ya kiuno upande wa kulia, au kidonda kinachovuja usaha kando ya kovu, kinafunga na kufunguka tena. Kwenye picha ya CT huonekana kama uvimbe, na daktari asiyejua historia hufikiria saratani au kifua kikuu cha tumbo. Mawe mengi ya kolesteroli hayaonekani vizuri kwenye CT. Ultrasaundi inayoelekezwa kwenye uvimbe uleule huweza kuyaonyesha kama vitone vyeupe vyenye kivuli nyuma yake. Kwa hiyo anayeomba kipimo aandike kwenye fomu: "alitolewa kibofu cha nyongo mwaka fulani, mawe yalimwagika." Mstari huo mmoja hubadilisha jinsi picha inavyosomwa.

Kwenye tiba kuna kosa linalorudiwa sana. Usaha unanyonywa kwa mpira, dawa za bakteria zinatolewa, homa inashuka, mgonjwa anarudi nyumbani. Baada ya miezi jipu limerudi palepale. Jiwe ni makazi ya bakteria, na dawa haifiki ndani yake. Bila kulitoa, iwe kwa kamera, kwa kupanua njia ya mpira ule au kwa kupasua, ugonjwa haujatibiwa.

Mrija mkuu ulioguswa

Kujeruhiwa kwa mrija mkuu ndilo tatizo zito kuliko yote. Hutokea kwa takriban wagonjwa 3 hadi 5 kati ya 1,000. Majeraha makubwa hujulikana mapema: nyongo inavuja, tumbo linauma, homa inapanda ndani ya siku chache. Yanayochelewa ni ya aina nyingine. Klipu imebana ukingo wa mrija mkuu bila kuuziba wote. Au joto la kifaa cha umeme limeunguza mishipa myembamba ya damu inayopanda kando ya mrija, kulia na kushoto. Mrija uliokosa damu haufi siku hiyo. Hufanya kovu taratibu na kujikaza, na miezi au miaka baadaye nyongo haipiti.

Mgonjwa hataanza na macho ya manjano. Huanza na kuwashwa mwili mzima, zaidi usiku, bila vipele. Mkojo unakoza, choo kinapauka. Kwenye damu, vimeng'enya vya ALP na GGT, ambavyo ni sehemu ya vipimo vya ini, hupanda kabla ya bilirubini, yaani rangi ya nyongo inayoleta manjano, na mtu huweza kuishi hivyo kwa muda mrefu akipewa dawa za mzio. Kama uliozibwa ni mrija wa sehemu moja tu ya ini, bilirubini huweza kubaki ya kawaida muda wote, kwa sababu sehemu nyingine zinafanya kazi. Sehemu iliyozibwa husinyaa kimyakimya, na ALP iliyo juu huwa ndiyo ishara pekee. ALP iliyopanda bila maelezo kwa mtu aliyetolewa kibofu si ya kungoja mwaka ujao.

Homa yenye kutetemeka, manjano na maumivu chini ya mbavu za kulia vikija pamoja, nyongo iliyokwama imepata maambukizi. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Zikiongezeka kuchanganyikiwa au presha kushuka, maisha yako hatarini, na nyongo inabidi ifunguliwe njia haraka iwezekanavyo, si dawa ya sindano peke yake.

Mrija uliosinyaa hutibiwa kwa njia mbili. Ukiwa bado umeunganika, hupanuliwa kwa ERCP: kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, puto dogo linatanua penye kovu, kisha vimirija vya plastiki vinawekwa. Vimirija hivyo hubadilishwa takriban kila baada ya miezi 3 na huongezwa idadi kadiri nafasi inavyopatikana, kwa muda wa mwaka hivi. Hapa ndipo wagonjwa wengi huharibikiwa: wanajisikia vizuri, hawarudi kubadilishiwa, kimirija kinaziba, na wanaletwa na maambukizi makali. Anayewekewa kimirija aandikiwe tarehe ya kukitoa kabla hajashuka kitandani.

Mrija ukiwa umekatika au umeziba kabisa, ini huunganishwa moja kwa moja na kitanzi cha utumbo mwembamba. Upasuaji huo wa kwanza wa kurekebisha ndio wenye nafasi kubwa ya kufaulu, na kila jaribio lililoshindikana hupunguza mrija mzima unaobaki wa kushonea. Ufanywe na bingwa wa ini na nyongo, hata kama ni kumhamisha mgonjwa mbali. Kama aliyesababisha jeraha hafanyi upasuaji wa aina hiyo mara kwa mara, heshima kubwa anayoweza kumpa mgonjwa wake ni rufaa. Baada ya hapo vipimo vya ini huendelea kwa miaka, maana maunganisho huweza kusinyaa tena hata baada ya miaka kumi, na nyongo iliyokwama kwa muda mrefu huishia kulifanya ini kuwa na makovu yasiyorudi nyuma.

Kisiki, klipu na mawe ya mrijani

Mgonjwa akisema "maumivu yamerudi yaleyale," asidharauliwe. Kuna mambo kadhaa yanayoweza kuyaleta.

La kwanza ni kipande kilichobaki. Uvimbe ukiwa mkali kiasi kwamba mirija haionekani, daktari mwenye busara hukata kibofu juu ya eneo la hatari na kuacha sehemu ya chini. Uamuzi huo ni sahihi na umewaokoa wengi wasijeruhiwe mrija mkuu. Lakini una aina mbili, na tofauti yake ni muhimu. Kipande kikiachwa wazi, nyongo huvuja zaidi siku za mwanzo. Kikishonwa kikafungwa, unakuwa umeacha kibofu kidogo kipya, na mawe huweza kujitengeneza tena ndani yake. Ripoti inatakiwa itaje ni ipi. Hata kibofu kilichotolewa chote huweza kuacha kisiki kirefu cha mrija mdogo chenye jiwe ndani. Anayefanya ultrasaundi akiambiwa "hana kibofu" hatatafuta jiwe kwenye kibofu, kwa hiyo kipimo cha kuaminika hapa ni MRCP, yaani picha ya MRI ya mirija ya nyongo, au ultrasaundi inayofanywa kutokea ndani ya utumbo.

La pili ni jiwe kwenye mrija mkuu. Likigundulika ndani ya miaka miwili, huhesabiwa kuwa lilikuwepo tangu siku ya upasuaji na halikuonekana. Likija baadaye, yawezekana limetengenezwa mrijani mlemle, na hayo huwa laini, ya kahawia, yanayohusiana na bakteria na nyongo inayotembea polepole.

La tatu ni klipu. Mara chache klipu huhama, hupenya ukuta wa mrija na kukaa ndani. Nyongo huigandia tabaka juu ya tabaka hadi inakuwa jiwe lenye chuma katikati. Hili huweza kutokea miezi, au miaka kadhaa baadaye. Kwenye eksirei au CT huonekana kitu cha chuma kikiwa kwenye mstari wa mrija, si pembeni yake. Hutolewa kwa ERCP kama mawe mengine. Klipu zilizotulia mahali pake hazina haja ya kuondolewa, na zile za titani hazizuii MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ila chumba cha kipimo kiambiwe zipo.

Kwa maumivu ya aina hii vipimo vina saa yake. Damu ichukuliwe wakati maumivu yapo au ndani ya siku moja. Jiwe likikwama, ALT, kimeng'enya kingine cha ini, hupanda ndani ya saa chache na huweza kushuka upesi likipita, kwa hiyo damu ya wiki ijayo itakuwa safi na haitathibitisha lolote. Ultrasaundi ya kawaida hukosa mawe mengi ya mrija mkuu, hasa ya sehemu ya chini inayofunikwa na hewa ya utumbo. Upana wa mrija pia usomwe kwa uangalifu: kwa kawaida hauzidi milimita 6, lakini baada ya kutolewa kibofu huweza kufika hadi 10 bila ugonjwa. Milimita 9 zenye vipimo vya damu vya kawaida si sababu ya kukimbilia ERCP.

ERCP yenyewe si ya kujaribia. Kati ya wagonjwa 100, watatu hadi kumi hupata uvimbe wa kongosho, na wachache kati yao huugua sana. Miligramu 100 za diclofenac au indometasini kwa njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo, na mgonjwa asisite kuuliza kama atapewa. Utafiti wa EPISOD uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha kukata kwa ERCP mlango wa mrija mkuu unaoingia utumbo mwembamba na kujifanya umeukata, kwa wagonjwa 214 wenye maumivu baada ya kutolewa kibofu ambao vipimo vyao havikuonyesha tatizo kubwa. Waliokatwa hawakupata nafuu kuliko wasiokatwa: 23 kati ya 100 dhidi ya 37. Ninaushikilia utafiti huo kwa sababu umewaepusha watu wengi na kisu kisicho na faida.

Na upo ukweli mmoja mgumu. Kama maumivu ya kabla na ya baada ni yaleyale bila tofauti yoyote hata wiki za mwanzo, yawezekana mawe hayakuwa chanzo chake. Vidonda vya tumbo, asidi kupanda, kongosho, utumbo unaokaza, hata moyo, vichunguzwe upya bila kumlaumu mgonjwa. Maumivu yanayokaa penye kovu moja, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole na yanayozidi misuli ya tumbo ikikazwa, mara nyingi ni mshipa wa fahamu ulionaswa ukutani. Sindano ya ganzi palepale hulitambua na kulituliza kwa wakati mmoja.

Kitovu na choo

Ngiri ya tundu hutokea zaidi kitovuni, maana hapo tundu lina milimita 10 au zaidi na hupanuliwa jiwe likiwa kubwa. Unene, kisukari na kidonda kilichopata usaha huongeza hatari. Mgonjwa achunguzwe akiwa amesimama na akikohoa. Akilala, uvimbe hurudi ndani na hautaonekana. Ukiwa mgumu, unauma, haurudi na anatapika, ni wa kupasuliwa siku hiyo.

Kuharisha ni jambo la kawaida zaidi kuliko ngiri, na huzungumzwa kidogo kwa aibu. Bila ghala la kuizuia, nyongo hutiririka utumbo mwembamba muda wote, na asidi zake zikifika utumbo mpana huvuta maji. Choo huwa cha maji, cha ghafla, mara nyingi asubuhi au baada tu ya kula. Kwa wengi hupungua ndani ya miezi michache. Kisipopungua, dawa ni kolestiramini, kwa kuanzia pakiti moja ya gramu 4 kwa siku, ikikorogwa kwenye maji na kunywewa pamoja na chakula. Hunasa asidi za nyongo, lakini hunasa na dawa nyingine pia: za tezi ya shingoni, warfarini, vidonge vya uzazi wa mpango. Hizo zimezwe saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baada yake. Ikitumika muda mrefu, vitamini A, D, E na K zifuatiliwe. Choo chenye damu, kupungua uzito au anemia visipewe jina la nyongo kabla utumbo mpana haujachunguzwa kwa kamera.

Jibu la maabara

Kibofu kilichotolewa hupelekwa maabara kuangaliwa kwa hadubini, na jibu hutoka siku kadhaa baada ya mgonjwa kuondoka. Mara chache hukutwa saratani ambayo hakuna aliyeishuku. Ikiwa bado kwenye utando wa ndani pekee, kutoa kibofu kunatosha. Ikiwa imefika kwenye misuli au kupita, kwa kawaida hupangwa upasuaji mwingine wa kuondoa sehemu ya ini na tezi za limfu za jirani, na kila wiki inayopotea ina uzito. Hapa ndipo kuchanika kwa kibofu kunapata maana nyingine, kwa sababu seli huweza kumwagika pamoja na nyongo na kuota kwenye kovu la tundu. Kinundu kigumu kinachokua kwenye kovu kikatwe kipande na kipimwe, hata kama mgonjwa anakiita kovu tu. Simu ya kuulizia jibu ipigwe wiki ya pili au ya tatu, na jibu lenyewe lipatikane kwa maandishi, kwa sababu "tungekupigia kama kungekuwa na tatizo" hutegemea mtu kukumbuka faili la mgonjwa aliyekwisha ruhusiwa.